Daktari wa Mlango wa Kwanza na Mafunzo Yake

(Hotuba kwa wazazi na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, Nairobi)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wazazi mliotoka kazini mkapambana na foleni ya Thika Road ili mfike hapa jioni hii, nanyi vijana mlioripoti chuoni mwaka huu: hamjambo.

Hapo nje, kabla sijamaliza chai, mzazi mmoja amenikabili na swali: “Daktari, huyu wangu atamaliza lini, na akimaliza atakuwa daktari wa nini?” Nusu ya kwanza ya swali hilo nitaijibu upesi. Nusu ya pili ndiyo iliyonileta hapa.

Miaka, basi. Mtoto amefanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, amepata alama za juu katika biolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. KUCCPS imempangia chuo. Atasoma miaka 6: ile ya mwanzo darasani, maabara na kwenye chumba cha maiti, ile ya mwisho wodini. Akifuzu, atapelekwa hospitali iliyoidhinishwa awe daktari mwanagenzi kwa mwaka mmoja, akizungushwa kwenye magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Hapo baraza la madaktari, KMPDC, litamsajili. Miaka 7, iwapo hakutakuwa na mgomo wala kukaa nyumbani akisubiri kutumwa kwenye uanagenzi. Nimesema “iwapo” kwa makusudi. Mnaofuatilia habari mnajua madaktari wetu wamewahi kumaliza masomo wakakaa miezi kadhaa kwa wazazi wao, shahada ikiwa kabatini.

Siku anayosajiliwa, sheria inamruhusu amtibu yeyote: mtoto mchanga, mjamzito, mzee wa presha, kijana aliyechomwa kisu. Ndiye tunayemwita daktari wa kawaida. Wenzake watakaoendelea na masomo watakuwa mabingwa wa mifupa, wa moyo, wa watoto. Yeye atabaki alivyo, na kila harusi atakayohudhuria kutakuwa na shangazi wa kumuuliza atarudi shule lini.

Hapa ndipo nina neno. Nchini mwetu, kazi ya kumwona mgonjwa wa kwanza, yule ambaye bado hajulikani anaugua nini, tumemwachia daktari aliyefunzwa kwa muda mfupi kuliko wote, kisha tukaiona kama chumba cha kusubiria ubingwa. Mimi nasema hiyo ni kazi kamili, ni ngumu, na ina mafunzo yake.

Tuangalie Uingereza, si kwa kuwaonea kijicho, bali kwa sababu mfumo wetu wa kufundisha madaktari ulitoka kwao. Huko leo mtu hawezi kuwa daktari wa jumla, yaani daktari wa mlango wa kwanza, kwa kumaliza chuo tu. Kwa kawaida anasoma shahada miaka 5, anafanya miaka 2 ya msingi hospitalini akizunguka idara mbalimbali, halafu anaingia mafunzo ya udaktari wa jumla kwa miaka 3. Sehemu ya miaka hiyo mitatu yuko hospitalini, na sehemu kubwa yuko kwenye kliniki ya mtaani chini ya daktari wa jumla mzoefu aliyeidhinishwa kufundisha. Analipwa mshahara muda wote huo. Mwisho anafanya mitihani ya chuo cha kifalme cha madaktari wa jumla. Mmoja wa mitihani hiyo unampa visa 12, dakika 12 kila kimoja, na kinachopimwa ni jinsi anavyozungumza na mgonjwa, anavyofikiri, na anavyoamua akiwa hana uhakika.

Mtasema: wao ni matajiri. Ni kweli. Lakini hata wao hawakuanza hivyo. Huduma yao ya taifa ilianza 1948, na wakati huo daktari wa jumla alikuwa ni yule aliyeshindwa kupanda ngazi ya hospitali. Mwaka 1950 daktari mmoja kutoka Australia, Joseph Collings, alizuru kliniki zao na kuchapisha ripoti iliyowaaibisha: vyumba vichafu, wagonjwa wakihudumiwa mbiombio, madaktari waliosahauliwa. Miaka miwili baadaye madaktari wa jumla wakaanzisha chuo chao. Hata hivyo, mafunzo ya miaka 3 hayakuwa ya lazima kwa wote hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilichukua miaka thelathini ya kubishana.

Sasa weka tarehe hizo kando ya zetu. Kabla ya uhuru kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka udaktari alielekea Makerere, Kampala. Sisi tulifungua shule yetu ya udaktari hapa Nairobi mwaka 1967, pale Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kwa hiyo tuliurithi mfumo wao kabla wenyewe hawajamaliza kuujenga. Tulipokea nusu ya hospitali: maprofesa, raundi za wodini, ubingwa. Nusu ya pili, ya kumfundisha daktari wa mtaani, ilikuwa haijafika hata kwao. Wao wakaikamilisha baadaye, na sisi tukabaki na ile tuliyopewa.

Kwa nini nusu hiyo ni muhimu? Niruhusuni nitaje utafiti mmoja wa zamani ambao humfundisha kila mwanafunzi wangu siku ya kwanza. Mwaka 1961 Kerr White na wenzake walikusanya takwimu za Marekani na Uingereza wakauliza: ukichukua watu wazima 1,000, katika mwezi mmoja yanawapata yapi? Wakaona kuwa watu 750 hivi wanapata ugonjwa au maumivu ya aina fulani. Kati yao 250 wanaenda kumwona daktari. Watu 9 wanalazwa hospitalini. Watano wanapewa rufaa kwa daktari mwingine. Na anayefika hospitali ya chuo kikuu ni mmoja. Wengine walirudia hesabu hiyo Marekani mwaka 2001, dunia ikiwa imebadilika kabisa, na umbo la hesabu likabaki lile lile.

Mmoja kati ya elfu. Na ni huyo mmoja ambaye tumekuwa tukimtumia kumfundishia daktari atakayewahudumia wale 250. Ni kama kumfundisha fundi wa magari pale Kirinyaga Road kwa kumletea magari yaliyopinduka peke yake, halafu siku ya kwanza kazini mteja anamwambia, “Fundi, hili langu linanguruma kidogo asubuhi, likipata moto linanyamaza.”

Takwimu hizo ni za kwao, na sitazibandika Nairobi kana kwamba ni zetu. Huku kwetu mtu huanzia kwa kemisti wa mtaani, na mwingine hupanda matatu moja kwa moja hadi Kenyatta kwa sababu haamini kituo kilicho karibu naye. Lakini simameni kwenye wodi yoyote ya kufundishia mtazame mwanafunzi wa mwaka wa tano. Anaweza kukusikilizisha mlio wa vali ya moyo iliyoharibika. Anakueleza saratani adimu kwa hatua zake zote. Mletee mtu aliyeanza kuhisi uchovu wiki iliyopita, asiye na homa, asiye na uvimbe, na vipimo vyote viko sawa. Ataandika vipimo vingine.

Niwape mfano wa kazi yenyewe. Kwenye kituo kimoja cha afya huku Eastlands ambako huwa nafundisha, mama muuza mboga alikuja kwa daktari kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya udaktari wa familia, jina tunaloupa huku ule udaktari wa jumla. Malalamiko: kichwa. Presha iko juu, faili inaonyesha amekuwa akipewa dawa kwa muda mrefu. Daktari wa haraka angeongeza dawa ya pili na kuita mgonjwa mwingine, na kwenye karatasi asingekuwa amekosea. Kijana huyu aliweka kalamu chini akamuuliza, “Mama, hizi dawa unazinywaje?” Mama akaeleza bila kuficha: anazinywa siku presha ikipanda. Anajuaje imepanda? Kichwa kikiuma. Na nyingine humgawia dada yake, maana naye ana presha na kituo cha kwao mara nyingi hakina dawa. Na wewe unafikiri kichwa hiki ni cha nini? Hapo mama akanyamaza kidogo, kisha akasema kanjo, askari wa jiji, walibeba mzigo wake juzi na ana deni la chama cha akiba.

Hapakuwa na haja ya dawa ya pili. Palikuwa na haja ya kumweleza kuwa presha haina kengele, kwamba dawa ni ya kila siku hata kichwa kikiwa kimetulia, na kumtafutia dada yake kliniki. Mazungumzo hayo yalichukua muda, na nje kulikuwa na foleni. Kuamua nani apewe dakika kumi na nani apewe tatu, bila kumkosa yule mwenye homa ya uti wa mgongo aliyekaa kimya kwenye benchi, huo nao ni ujuzi. Haufundishwi kwenye wodi ya upasuaji.

Unafundishika, lakini. Katika miaka ya 1950 huko London, Michael Balint, mtaalamu wa tiba ya nafsi aliyezaliwa Hungaria, alikutana kila wiki na kikundi cha madaktari wa jumla. Kila mmoja alileta mgonjwa aliyemsumbua akili: yule anayerudi tena na tena, yule ambaye ukimwona mlangoni roho inakushuka. Walijadili mgonjwa, na pia walijadili daktari, kwa nini alikasirika, kwa nini aliharakisha. Vikundi vya aina hiyo bado vipo duniani. Nimejaribu na vijana wangu. Mwanzoni waliona ni porojo, maana hakuna slaidi wala maswali ya mtihani. Siku hizi ni mimi ninayeambiwa nisisahau kikao.

Nisiwasahau watu ambao ndio mlango wa kwanza wenyewe. Mkenya akienda kituo cha afya, anayemwona mara nyingi si daktari mwenye shahada niliyoieleza. Ni afisa wa kliniki, aliyesoma diploma miaka 3, wengi wao KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba kilichoanza 1927, kisha akafanya uanagenzi mwaka mmoja. Wako wenye shahada pia. Bila hawa nchi hii ingefunga milango yake ya afya kesho asubuhi, na daktari anayewadharau hajawahi kufanya kazi nje ya jiji. Ndiyo maana daktari wa familia wa Kenya hawezi kuwa nakala ya yule wa Uingereza. Wa kule anaona wagonjwa wake kwenye kliniki yake. Wa kwetu lazima ajue kumwona mgonjwa, kumwongoza afisa wa kliniki, kusoma takwimu za eneo lake, na usiku akiitwa hospitali ndogo afanye upasuaji wa uzazi, kwa sababu bingwa yuko mji mwingine.

Mafunzo ya namna hiyo yapo nchini, ingawa wengi hawajayasikia. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha shahada ya uzamili ya udaktari wa familia mwaka 2005. Wanafunzi wake wamejifunzia hospitali kama ile ya Webuye, si kwenye hospitali kubwa ya rufaa peke yake. Moi walikuwa na msingi wa kujengea: tangu shule yao ya udaktari ilipoanza, wanafunzi wa shahada ya kwanza hupelekwa kukaa vijijini kujifunza afya ya jamii. Baadaye Kabarak wakaja na programu yao, wakifundishia sehemu kama Chogoria, na hapa Nairobi Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho kinafundisha. Kozi kwa kawaida ni miaka 4. Idadi ya waliohitimu bado ni ndogo mno kwa nchi yenye kaunti 47.

Tulijaribu pia njia ya mkato. Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba, wakiwemo madaktari wa familia, wakasambazwa kaunti mbalimbali, nasi tukapeleka madaktari wetu 50 kule wakasomee udaktari wa familia. Tulisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mara hiyo tulimaanisha kweli. Chama cha madaktari kilipinga, kikiuliza inakuwaje unaleta wageni wakati vijana wako hawana ajira. Mwaka 2019 wawili kati ya wageni hao walitekwa nyara Mandera. Mwaka 2023 serikali ikatangaza kutoendelea na mkataba. Watu wengi wanaikumbuka habari hiyo kama siasa ya ajira tu. Mimi naikumbuka kama nafasi iliyotuponyoka. Tulichopaswa kuazima Cuba ni mpango wao wa tangu 1984, wa daktari na muuguzi wanaokaa katika mtaa wanaouhudumia, wanaojua nani ana pumu, nani ana mimba, na mlango gani haujafunguliwa wiki nzima. Tukaazima watu, tukaacha mpango.

Na hata tunaowafundisha wenyewe hatujui tuwaweke wapi. Huduma za afya ziligatuliwa 2013, na ajira ikawa ya kaunti. Daktari wa familia anarudi na uzamili wake, kaunti inamtazama, haina nafasi ya namna hiyo kwenye orodha yake, lakini inaona huyu anajua mambo mengi. Basi anafanywa msimamizi wa hospitali. Mtu aliyefunzwa miaka minne kumsikiliza mgonjwa anatia saini vocha za dizeli ya jenereta. Nimeona hilo likitokea, na nina hakika baadhi ya madaktari walio humu ndani wanacheka kwa kuwa vocha ziko mkobani.

Kuna dalili njema, nizitaje kwa haki. Mwaka 2023 ilipitishwa Sheria ya Afya ya Msingi, inayounganisha zahanati na vituo vya afya na hospitali moja ya eneo, ili viwe mtandao mmoja. Mwaka huo huo wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walipewa mikoba yenye vifaa, wakawa wanapima presha na sukari nyumba kwa nyumba. SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, uliwekwa mfuko wa kulipia huduma za zahanati na vituo vya afya. Yote haya yanamsukuma mgonjwa kwenye mlango wa kwanza. Mhudumu anampima mzee kule Mukuru, presha ni mbaya, anamwandikia aende kituoni. Swali langu ni dogo: akifika kituoni, nani amefunzwa kumpokea, na huyo akikwama anampigia nani?

Kuhusu fedha nitasema wazi, maana wazazi mnajua bei ya kila kitu. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na kiini cha mgogoro kilikuwa malipo ya wanagenzi: mkataba wa 2017 ulisema shilingi 206,400 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Watu walibishana kama kijana anastahili fedha hizo. Kidogo sana kilisemwa kuhusu anachofundishwa katika mwaka huo. Mwanagenzi wetu mara nyingi ndiye mikono ya wodi. Anatoa damu, anaandika faili, anakimbiza majibu ya maabara, na asubuhi ya pili bado amesimama. Anayemsimamia naye amezidiwa. Tukilipa vizuri na kufundisha vibaya, bado tutakuwa na deni.

Na ukivuka hapo kuna daktari anayesomea ubingwa bila udhamini. Anahudumia wagonjwa wa umma mchana na usiku, na bado analipa karo. Kule Uingereza mtu wa hatua hiyo analipwa. Kijana mwenye akili akipiga hesabu, akiona atajilipia miaka minne, basi atachagua ubingwa wenye kliniki ya faida pale Upper Hill. Simlaumu hata kidogo. Ningekuwa na mkopo kama wake, ningefanya hivyo hivyo.

Ninachotaka kwa hiyo ni mambo ambayo kaunti na vyuo vinaweza kuyafanya bila kusubiri muujiza. Mwanafunzi aanze kukaa kituo cha afya mwaka wa kwanza, siyo kutembezwa na basi kama mtalii, bali apewe familia chache azifuate hadi amalize shule. Mwaka wa uanagenzi uwe na miezi ya kituo cha afya chini ya mwalimu anayejua kazi hiyo. Kila kaunti iandike kwenye orodha yake ya ajira nafasi ya daktari wa familia kwa kila mtandao wa afya ya msingi, na cheo chake kisimlazimishe kuhamia ofisini ili apande daraja. Nairobi ingeanza ingekuwa mfano, kwa sababu hapa umbali kati ya chuo na kituo cha afya mara nyingi ni nauli ya matatu moja.

Nanyi vijana. Mtakapofika miaka ya wodini mtaambiwa, na watu mnaowaheshimu, kwamba wenye akili huenda upasuaji. Sikilizeni kwa adabu. Likizo ikifika, ombeni nafasi Webuye, Chogoria, au hata kituo kilicho nyuma ya nyumba yenu, mkae na afisa wa kliniki mzoefu kwa wiki mbili. Msiende kuuliza maswali ya vitabuni. Hesabuni tu ni wagonjwa wangapi walioingia na ugonjwa mliousoma, na wangapi waliingia na jambo ambalo hakuna mhadhara ulioligusa. Orodha hiyo mniletee. Nafundisha Jumatano na huwa nipo hadi jioni.

Yule mzazi wa chai naona amekaa kule nyuma. Mama, hesabu ya karo na mkopo wa serikali ataieleza mwenzangu wa idara ya usajili, naye ndiye anayenifuata sasa. Mimi nitakuwa pale mlangoni kwa mwenye swali la kozi. Asanteni.